Herufi Iliyokatika Mguu

Mashine yangu ya chapa imenizidi umri.
Herufi "m" imekatika mguu wa tatu,
hivyo kila "mirathi" ninayoipiga
inachechemea.

Nakaa mkabala na Mahakama ya Mwanzo
chini ya turubai la buluu lililofunika dagaa mwaloni,
hadi leo linanuka mvua ikinyesha.
Barua elfu mbili. Kiapo elfu tatu.
Ukimya sikuupangia bei.

Jumanne alikuja Nkwabi, shati limepigwa pasi,
huzuni nayo imepigwa pasi.
"Muhtasari wa kikao cha ukoo," akasema,
"mali ya marehemu kaka yangu, Lugembe."
Alitaja, nikapiga:
nyumba moja juu ya jabali, Igogo, vyumba vinne.
Nyavu kumi na mbili. Injini ya mtumbwi, moja.
Mjane: hakuna.

Kidole kilisita.
Wiki mbili nyuma nilikula ugali wa msiba mlangoni pale,
nikamwona aliyekaa mkekani, kanga imefungwa kichwani.
Nikapiga. Mjane, nukta mbili, hakuna.
Wajumbe tisa walitia sahihi kwa dole gumba,
wino wa zambarau,
na alama zote tisa zilikuwa na kovu moja, lilelile, upande wa kushoto.
Akanipa elfu tano. Chenji hakuidai.

Ijumaa akaja Kwandu.
Nilimsogezea benchi, hakuketi.
Alibeba kopo la maziwa ya unga,
ndani risiti: saruji mifuko sita, nondo, misumari ya bati,
mchanga tripu mbili hadi barabarani tu,
kwa sababu Igogo gari halipandi.
Kutoka pale ni ndoo kichwani,
hatua mia moja na kumi na nane, alizihesabu
kila siku, mimba ya Sayi ikiwa na miezi saba.
Jabali walilipasua kwa moto na maji ya ziwa,
yeye akichochea, Lugembe akigonga nyundo.
"Nyumba ile," akasema, "msingi wake ni shingo yangu."

Kisha akanikabidhi nakala aliyopewa na karani.
Niliitambua kabla sijaisoma:
"m" yangu, inachechemea
mstari hadi mstari, kama mbuzi aliyevunjika mguu
anayerudi zizini kwa mwenyewe.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.
Hawakusema kwamba huishia
mezani kwa aliyemchapia.

Nilifunga turubai saa nne asubuhi.
Nikampeleka kwa Bi Nyamizi, msaidizi wa sheria,
chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kata, ushauri bure,
kalamu unakuja nayo.
"Cheti cha ndoa?"
"Hakuna. Ng'ombe walihesabiwa Magu."
"Wapo hai waliohesabu?"
"Wawili. Mmoja hasikii vizuri."
"Haidhuru, aliona. Tuweke pingamizi kabla tangazo halijaisha muda."
Akageuza karatasi, akaiinua dirishani.
"Na hii, nani aliichapa?"

Nje, mtu alikuwa akinadi sato, bei ikishuka.
Nilisikia bei tatu kabla sijajibu.

Kwandu hakunitukana. Alifunika kopo lake,
akalifunika vizuri, akaniuliza tu
kama pingamizi nalo lingechapwa kwa mashine ileile.
Nikamwambia ndiyo. Bila malipo.
"Lipa nitalipa," akasema. "Sitaki nikudai na wewe."

Tangu hapo Nkwabi anapita upande wa pili wa barabara.
Wateja wawili wamehamia kwa kijana wa kompyuta.
Kesi imeahirishwa hadi tarehe ishirini, hakimu anaumwa,
na mlango wa Igogo una kufuli mbili,
moja ya Kwandu, moja ya shemeji,
watoto wanaingilia dirishani.

Fundi wa Kirumba anasema ataiunga ile "m"
kwa elfu kumi na tano, itasimama wima kama mpya.
Nimemwambia asiiguse.
Ni shahidi wa pili.
Wa kwanza ni mimi, na sijalala vizuri.