Ukurasa wa Kumi na Tisa

Mfasiri wa Gent ameniandikia tena.
Ukurasa wa kumi na tisa, anasema, mstari wa chini,
pale mwanamke anaposhuka Muhanzi na beseni kichwani
akipaaza sauti: Sambaza! Sambaza!
Je, bibi, anauza samaki
au anaamuru kitu kisambazwe?

Bukavu haina umeme tangu juzi.
Nimeisoma barua kwa mwanga wa simu, asilimia tisa.
Vyote viwili, bwana.
Watoza ushuru wa komine walipoibukia kona ya Nyawera
neno lilelile liliwafikia wenzake:
beseni hili nyuma ya duka la misumari,
lile chini ya kitenge cha mjamzito.
Mteja alisikia samaki. Mwenzake alisikia miguu.

Kijerumani kimempa jina refu kuliko mwili wake.
Wapolandi wamemwita kama samaki wa bahari yao ya baridi
anayeliwa na siki.
Mwitaliano aliliacha neno lilivyo,
akalilaza kwa herufi za mlalo, kama mgonjwa.

Na samaki mwenyewe ni tafsiri.
Baba alikuwa akisimulia: Kivu haikuwa naye.
Walimleta kwa mapipa kutoka Tanganyika, enzi za Wabelgiji,
wengi wakafa njiani,
waliofika wakajifunza maji haya yenye gesi tumboni.
Leo nani atamwambia, wewe si wa hapa?

Halafu majukwaa.
Shangazi Cibalonza, ambaye nilimwiba mzima mzima
nikambadilisha jina tu na meno,
anaitazama michezo kwenye simu yangu, jicho moja limefumbwa.

Gent: beseni la buluu, bila ngata.
"Uyu atavunjika shingo."

Leipzig: wanawake watatu wanamwigiza kwa pamoja,
mmoja anasema, mmoja ananyamaza, mmoja anafagia.
"Na feza ya jioni, banagawanya namna gani?"

Warszawa: hakuna samaki.
Kuna vijiko, mamia, vimening'inizwa kwa nyuzi,
feni inawashwa, vinagongana.
Hapo alinyamaza.
Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha.
Ndiyo mlio wake, akasema, saa kumi ya alfajiri,
wakimwaga wavu wa kwanza.
Hawajafika hapa, hawa?
Hawajafika.

Lisboni wamekata sura mbili za mwisho.
Ilinibidi nimweleze: kwangu unakufa, shangazi,
homa, mvua, barabara ya Panzi imekatika.
Kwao unafunga beseni na kwenda nyumbani.
"Kumbe ku Lisboni sikufa?"
Akacheka mpaka akashika ukuta.
"Basi nitahamia kule."

Alipomaliza kucheka akauliza, kama anayeulizia chumvi:
na kwa chetu?

Sikuwa na jibu la kumpa.
Niliandika Kifaransa kwa sababu ndicho kilichokuwa na mhuri,
na kalamu nyekundu ya Sista, na karatasi.
Vitabu saba kwenye rafu yangu vina sura yake
na hakuna hata kimoja anachoweza kumsomea jirani.

Nikaenda kuchukua kile cha kwanza, chenye doa la chai.
Nikaketi juu ya jerikani.
Nikasoma kwa macho Kifaransa, kwa mdomo hiki chetu,
nikijikwaa, nikirudi, nikiomba radhi,
maana kuna sentensi nilizojivunia
ambazo hazikuwa na kitu ndani.
Mara nyingine alinisahihisha: sikusema hivyo.
Mara nyingine: nilisema, lakini si kwa upole huo.

Ukurasa wa kumi na tisa nikavuta pumzi.
Hakunisubiri.
Akaliita mwenyewe, kwa koo la miaka arobaini ya Muhanzi,
likagonga mabati, likateremka ngazi za udongo,
mbwa wakajibu.

Chini, gizani, mlango ukafunguka.
Mama Nzigire, kilemba kimelegea, sahani mkononi:
"Gigozi moya ni ngapi?"