Kitufe Kimehamia Katikati

Juzi usiku umeme uliporudi Majengo
mashine iliniomba nisiizime.
Asilimia kumi na nne. Asilimia kumi na nne.
Nikafunga duka nikaenda kulala,
nikaiacha ijibadilishe gizani
kama mtu avuaye nguo nyuma ya pazia.

Asubuhi, saa mbili kasoro,
mkono wangu ukashuka kona ya kushoto,
ulikozoea kwenda miaka kumi na mmoja bila kuniuliza.
Patupu.
Kitufe kimehamia katikati,
kimeketi na wenzake wadogo wenye rangi za peremende,
wamejipanga kama watoto wa kipaimara
wanaosubiri kupigwa picha.

Pembe zote zimekatwa.
Hata pipa la taka linang'aa,
unaona haya kutupa kitu humo.
Na maneno yamehama. Palipoandikwa kopi
pana vikaratasi viwili vimelaliana;
palipoandikwa pesti, kijiubao.
Mama aliuza ndizi Mbuyuni, jua na mvua,
ili mimi nijue kusoma,
leo narudishwa kwenye picha.

Foleni haijui hayo.
Aminieli anataka ratiba ya mazishi,
nakala mia mbili, mwili unatoka Mawenzi saa nne.
Mwalimu Kiwelu kabeba mtihani kwenye flashi,
ameifunga na uzi shingoni kama hirizi.
"Sehemu ya kuprinti iko wapi?"
"Ilikuwa hapa," nasema,
na Aminieli anatazama sakafu.
Neno hilo amelisikia mno wiki hii.

Brayson wa chuo cha ushirika anainama juu ya bega langu:
"Dada Ndeshi, imetulia hii! Haiumizi macho."
Nusura aipapase.
Mwalimu anakohoa.
"Mtu akihamisha mlango wa nyumba yangu nikiwa nimelala,
hata akiupaka rangi nzuri namna gani,
mimi namwita mwizi."
"Lakini mwalimu, mlango wenyewe ulikuwa unalia."
"Ulikuwa unalia kwa sauti ninayoijua."
Mama Shose, fundi cherehani wa jirani,
aliyekuja kutafuta chenji ya elfu kumi tu,
anachungulia:
"Kwani inachapa?"
Sijui bado, mama.
"Ikichapa, basi."

Saa tatu na nusu.
Nafungua dirisha, linafunguka lingine.
Nagusa nukta tatu, zinanipa nukta nyingine.
Jasho.
Halafu vidole viwili, bila amri yangu,
vikapita njia ya uchochoroni:
kontroli, na herufi P.
Printa ikakohoa, ikaamka.

Akatoka Bibi Ndeambiliasia,
mzaliwa wa elfu moja mia tisa arobaini na moja,
akatoka tena, na tena, mara mia mbili,
kilemba chake, jino lake la pembeni,
ndani ya fremu nyeusi yenye pembe nne kamili.
Hakuna aliyezungumzia tena vitufe.
Aminieli alihesabu karatasi zikiwa bado za moto,
akazikumbatia, akaondoka mbio.

Nakiri jambo moja, mwalimu asiambiwe:
jioni, duka tupu, mlima umefunika uso,
nilikuta mahali pa kupunguza mwanga wa kioo.
Nikausogeza. Nikaurudisha. Nikausogeza tena,
nikakaa humo kama mtu aliyekuta kiti
ndani ya chumba alichokiapia kutokiingia.

Ijumaa nikawasha mashine kuukuu ya nyuma,
ile isiyoonja mtandao,
yenye vumbi na pembe zake kali.
Nilitaka kuskani cheti tu.
Mkono ukaenda katikati.
Patupu.
Kitufe kilikuwa konani, kwake, siku zote.

Nikautazama mkono.
Haukuniaga.