Redio ya Chumba Kidogo

Tangu juzi Arkadi hazungumzi ila na vitu.
Friji ameliambia, "Lala," akalichomoa,
akalikingamizia mwiko mlangoni
lisije likavunda tukiwa mbali.
Koki ya gesi ameikaza, akairudia, akaikaza tena,
kama mtu anayefunga vifungo vya mtoto
asiyetulia.

Mimi nimehamishia maua bafuni,
vyungu kumi na kimoja juu ya taulo zilizolowa,
yanywe polepole kwa siku tisa.
Mkate mweusi uliobaki nimeukata, nimeukausha:
nusu ya ndege, nusu ya Faina wa ghorofa ya tatu,
atakayeshika ufunguo wetu
na ambaye, namjua, atafungua kila kabati.
Na afungue. Wenye vyumba viwili
hawana cha kuficha ila vumbi,
na vumbi nimelifuta.

Nje, mto Daugava umeganda ukingo hadi ukingo.
Huko Krete, nasikia, Februari watu wanachuma machungwa.
Nimenunua kofia ya jua duka la mitumba
huku pua inanichuruzika kwa baridi;
muuzaji akanitazama
kama aliyeona kuku akinunua mswaki.

Miaka tisa hatukuifunga nyumba hii.
Nyumba yenye mgonjwa haina likizo,
ina zamu tu: yangu, yake, yangu, yake,
na kati ya zamu na zamu, chai iliyopoa.
Mama mkwe, Zinaida Lvovna,
kila jioni aliuliza, "Mmefunga?"
"Tumefunga."
"Basi fungueni kidogo, nisikie mnavyonisema."
Mlango wa chumba kidogo ukazoea kusimama hivyo,
wazi upana wa kiganja.

Novemba tulimzika.
Mlango haukuambiwa.

Leo nimeingia humo mara tatu na ufagio
na mara tatu nimetoka na ufagio, sakafu haijaguswa.
Nimetoa shuka. Nimerudisha shuka.
Kisanduku chake cha dawa, chenye vijumba saba vya siku,
nimekitia mkobani mwangu:
Jumatatu sasa ni ya presha ya Arkadi,
Jumanne ya goti langu.
Urithi ndio huo.

Saa kumi na moja alfajiri. Mabuti, makoti, tiketi.
Kwetu hakuna aondokaye kabla hajakaa,
dakika moja, kimya,
ili safari isikuone una pupa.
Arkadi akakalia sanduku, likalia.
Mimi nikakalia benchi la viatu.
Kigoda cha tatu kilikuwa palepale, chini ya kioo,
na sote wawili tukatazama saa.

Tukatoka. Ghorofa moja chini, Arkadi akasimama.
"Gesi."
"Umeifunga mara nne."
"Gesi," akasema, na akapanda
bila kushika reli, yeye mwenye moyo wa kushikiwa.

Nikabaki ngazini na mabegi.
Juu nikasikia mkwaruzo, mluzi mwembamba,
kisha sauti ya mwanamke akisoma hali ya hewa,
chini chini,
kama anayechelea kumwamsha mtu.

Alirudi akivaa glavu moja, ya pili imemtoka.
"Ni kwa ajili ya wezi," akasema.
"Waone kuna mtu."
"Umejitazama kwenye kioo?" nikamuuliza,
maana arudiye nyumbani akiwa ameshatoka,
asipojitazama, balaa humfuata hadi uwanja wa ndege.
"Nimejitazama."
"Na mlango wa chumba?"

Akainua mkono usio na glavu,
akakipima kiganja hewani.

Teksi ikapiga honi. Tukashuka kwa miguu,
lifti ni mbovu tangu Krismasi,
naye akabeba masanduku yote mawili
na hakutaka kusaidiwa.