Sitini na Nane

Ilikata roho saa tisa usiku, Ghuba ya Penas,
mawimbi yakitugonga ubavuni kama mdai.
Hakuna kelele nzito kuliko injini iliyonyamaza:
unasikia vikombe, unasikia minyororo,
unasikia mtu huko juu sitahani akimwita Bikira wa Karmeli.

Tulivutwa hadi Chacabuco.
Don Nolberto Barría hakuuliza kosa ni la nani.
Alifungua kichujio cha oili, akapitisha kidole,
akakiinua kwenye taa:
chembe za beringi, ziking'aa kama magamba ya dagaa.
"Anzia hapa, Yasna, urudi nyuma.
Chuma hakidanganyi, ila husema polepole."

Nikarudi nyuma.
Beringi ya tano, nyeusi mithili ya sufuria ya kuni.
Nyuma yake tundu la oili, limezibwa nusu
na nyuzi za tambara la buluu,
aina tuliyoacha kuinunua miaka miwili iliyopita.
Sawa. Lakini tundu likizibwa huleta joto,
na joto lina geji yake,
na geji ina kitabu chake.

Zamu ya usiku: sitini na nane.
Zamu ya asubuhi: sitini na nane.
Dhoruba, sitini na nane. Shwari, sitini na nane.
Mwandiko wa Eliecer uliolala, wa Mansilla mnene,
wino, wino, penseli.
Tarehe kumi na nane Septemba, sikukuu ya taifa,
meli imefungwa gatini Puerto Montt,
injini baridi, ungeweza kuilalia,
sisi sote nchi kavu tukicheza, leso mkononi,
na zamu imejazwa kesho yake na mtu anayeumwa kichwa:
sitini na nane.

Nane ile, yenye kiuno chembamba,
ni yangu.

Nikaigonga geji kwa kucha.
Mshale haukutikisika.

"Nyuzi za tambara," nikamwambia mzee.
"Na?"
Mahali fulani pampu ilikohoa.
"Na sisi. Na mimi."
Akanipa kalamu. "Andika nyuzi, andika geji,
kisha majina. Anza na langu;
kila ukurasa una sahihi yangu."

Geji mpya ililetwa kwa basi, imeviringishwa gazeti.
Siku ya kwanza ilisoma sitini na moja.
Niliitazama sana.
Kabla ya kuandika
nikaweka kiganja kwenye bomba.