Haihesabiki

Mvua ya Novemba hapa Porto haina adabu:
inaingia kwa mwavuli, inatokea kwenye soksi.
Baba kaketi jikoni, koti begani,
wiki ya pili tangu hospitali imrudishe
na karatasi ya makatazo
ndefu kuliko hesabu za harusi.
Chumvi kidogo. Ngazi kidogo.
Bia, hakuna.

Mgonjwa haulizwi uji.
Huyu hakuulizwa, akajibu:
"Graciete, nataka fransezinya."

Basi nikawasha jiko.

Mchuzi kwanza. Mkate unajua kungoja,
mchuzi haujui.
Kitunguu nikakikata mpaka tukalia wote wawili.
Nyanya tatu, jani moja kavu
katika fungu alilolitundika mama nyuma ya mlango
mwaka ule aliotuacha, na bado linanukia.
Pilipili, si haba.
Kisha bia, chupa nzima, ndani ya sufuria.

Baba akainamisha sikio kuusikia uchemkaji
kama alivyozisikia treni za Campanhã
miaka thelathini na minne,
yeye mwenye kuvuta vyuma na kuzipa njia.
"Hiyo ya sufuria haihesabiki," akasema.
"Ikishachemka, imeshaungama."

Kipande cha mkate. Hemu.
Soseji iliyopasuliwa ubavu.
Steki nyembamba kama barua ya serikali.
Kipande kingine juu, nikakandamiza kwa kiganja.
(Hemu niliipunguza nusu. Soseji niliichovya
kwenye maji ya moto iteme chumvi yake.
Hakuona.
Au aliona, akanisitiri.)

Halafu jibini, juu na ubavuni,
kama unavyomfunika mtoto aliyelala:
pembe kwa pembe, miguu isibaki nje.
Ndani ya oveni ikalegea, ikatoa jasho,
ikashuka ukutani mwa mkate taratibu.
Yai juu, jicho la njano.
Mchuzi ukamiminwa mpaka sahani ikawa kisiwa na bahari yake.

Hapo ndipo tulipokwama:
ashushie na nini?

Nélio kaja na mfuko uliolowa,
chupa zikigongana kama majirani.
Kajimiminia mvinyo mchanga, ule unaotekenya ulimi,
kisha akaona haya, akaificha glasi nyuma ya kikapu cha mkate.
Tukampa mzee maji ya mapovu.
"Makelele mengi, habari hakuna."
Juisi ya zabibu.
"Komunyo nilishapokea, nina miaka sabini na sita."
Maziwa aliyatazama tu,
nikayarudisha kwenye friji bila kuambiwa.

Sandwichi ikaanza kupoa.
Uma mkononi, hali.
Sikujua hadi usiku ule kwamba mtu
aweza kuomboleza kinywaji
kwa uso uleule aliomzikia mkewe.

Mlango ukagongwa. Dona Ermelinda wa ghorofa ya pili,
kavutwa na harufu, na hakujisumbua kutafuta kisingizio.
Akatazama meza, akatutazama sisi,
akachukua limau na kisu kidogo.
Akamenya utepe mmoja mrefu, wa njano mtupu,
"weupe uachwe, kinyongo chote kimo humo,"
akauzungusha ndani ya kikombe,
akaumwagia maji yanayochemka.
Basi. Hakuna kingine.

Baba akakata pembe ya mkate, jibini likamfuata kama uzi.
Akatafuna. Pilipili ikampanda, macho yakalowa.
Akanywa funda moja.

Tukangoja. Hata mvua, naapa, ilipunguza sauti.

"Inafungua njia," akasema fundi wa reli,
na akala.

Nélio akaitoa glasi yake mafichoni,
akaitazama, akaisukuma kando.
"Mmenye na mimi."

Mwishoni sahani ya mzee ilikuwa na mchuzi tu.
Akachukua ukoko, akafuta duara,
akafuta tena.
Mara ya tatu akaniona namtazama.
Ukoko ukasimama hewani, ukidondoka
bia iliyokwisha kuungama.

"Haihesabiki," akasema,
akauingiza kinywani.