Upande wa Pili wa Kibao

Mwaka ule mvua iliipita Pedra Miúda bila kubisha,
kama mdai anayejua ndani hamna kitu.
Kilibaki kisima kimoja, cha Kanali Teódulo,
na ufunguo wake ulining'inia kiunoni kwa padri,
jirani na rozari.

Mama Eudósia hakupiga kelele.
Alichomoa ubavu wa mwavuli, akaunoa kizingitini
(mwavuli wa nini tena?)
akapakata kibao cha umburana
kama anayechambua mchele.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kazi yangu wino.
Alinifunza kwamba kinachochongwa huondoka,
kinachoachwa ndicho husema,
na kwamba kila kitu huchongwa kinyume:
wa kuume uwe wa kushoto,
herufi zirudi nyuma.
"Usijali. Huku kwetu dunia iko hivyo tayari.
Karatasi itainyoosha."

Shuleni kwa masista nilichapwa kwa fimbo.
Nyumbani tulichapa kwa mgongo wa kijiko,
tukisugua usiku kucha hadi bega likaomba radhi.
Nakala mia na arobaini:
padri na Kanali wameketi ndani ya birika la ubatizo,
maji yamewafika kwapani, sabuni inaelea;
nje, foleni ya wanawake na madebe,
na mwisho kabisa mtu mwembamba, pekupeku,
viganja vina matundu,
debe lake nalo limetoboka.

Jumatatu sokoni ziliisha kabla ya maharage.
Jumanne Padri Anselmo akaingia bila hodi.
Alikitazama kibao muda mrefu.
"Pua yangu si hivyo."
"Mbao ina fundo hapo, Padri."
"Na huyu wa mwisho ni nani?"
Mama akafuta mikono kwenye sketi.
"Humjui? Nawe huongea naye kila asubuhi."

Akakibeba hadi jikoni, penye moto.
Hapo akakigeuza.

Umburana ni ghali; Mama hakupoteza upande.
Nyuma alikuwepo Bikira wa Februari,
yuleyule ambaye kanisa humuuza kila sikukuu,
senti hamsini, pamoja na mshumaa.
Wino wa miaka ulikuwa umemng'arisha mashavu.

Moto ulikula kijiti kingine.
Padri alikilaza mezani, Bikira juu,
akaenda zake, mlango wazi.

Kisima hakikufunguliwa, niseme kweli.
Mvua ilikuja Machi, kwa hiari yake.
Lakini Jumapili ile nilipopiga magoti
nikafungua kinywa kungoja mkate,
mkono wake ulisita juu ya ulimi wangu:
alikuwa akitazama kucha zangu,
nyeusi, zote kumi.
Sikuzificha.