Kikapu cha Saba

Husemwa mtupa jongoo hutupa na mti wake.
Mimi, Septemba ile, nilitupa kisahani
nikatupa na bega lake.

Hakuna aliyenisukuma. Hapakuwa na kombe,
wala mtazamaji, ila jirani yangu Reijo
akikwangua matope kwenye soli ya kiatu,
na kunguru mmoja juu ya msonobari.
Kikapu cha saba, ng'ambo ya bwawa, mita tisini na tano.
Nikajisemea: leo.
Kitu kikararuka ndani ya nyama
kama shuka kuukuu linalochanwa liwe matambara.
Kisahani kikazama. Reijo akasema, "Upepo."
Nikasema, "Ndiyo. Upepo."

Daktari wa Kuopio alinionyesha picha:
ukano umechanika nusu.
Nusu! Nikafurahi.
Akatikisa kichwa. Kilichokatika chote hushonwa, alisema,
kilichobaki nusu hubembelezwa.

Basi nikabembeleza.
Alfajiri, kabla sijaenda kutengeneza lifti za watu,
utepe wa mpira kwenye kitasa cha mlango wa jikoni,
kiwiko ubavuni, taulo kwapani,
vuta, hesabu, achia,
vuta, hesabu, achia.
Mlango hauendi popote. Mimi pia.
Vieno, mtaalamu wa viungo,
mwenye umri mdogo kuliko soksi zangu za sufu,
aliniambia: "Ukisikia kisu, acha.
Ukisikia uzi unavutwa, endelea."
Majira yote ya baridi nilikuwa mwanafunzi
wa kisu na uzi.

Sikujua shati lina safari ndefu hivyo.
Sikujua kikombe cha rafu ya juu ni mlima.
Orvokki alinifunga zipu hadi kidevuni
kama mtoto wa chekechea,
akanibusu puani, akasema maziwa yamekwisha.
Usiku bega lilikuwa na saa yake:
saa tisa kamili linaniamsha,
halina la kusema, linataka tu tukeshe wawili.

Januari wenzangu walicheza juu ya theluji.
Walibandika kamba za rangi kwenye visahani visipotee,
nami nikawa mchukuzi wao, mkoba begani kushoto,
nikifuata vijimkia vyekundu kwenye weupe.
Mara moja nilijaribu mkono wa kushoto.
Kisahani kiligeuka, kikarudi nyuma,
kikampiga Reijo gotini.
Tulicheka mpaka bega likauma.
Uzi, nilijiambia. Huu ni uzi.

Aprili, barafu ilipoachia, simu ikalia.
"Wewe ndiye Aulis?" Sauti ya mtoto.
Nilikuwa nimesahau jina langu lipo chini ya maji,
na namba, kwa wino mweusi, mgongoni mwa kisahani.
Neea na mama yake walikiopoa kwa reki.
"Kina konokono," alisema, "lakini kinaruka.
Nimekijaribu."

Mei. Vieno akaninyooshea kidole: nusu ya nguvu.
Nusu tena, neno lile lile,
ila sasa nililipokea kwa mikono miwili.
Nikasimama mbele ya bwawa, kikapu kule,
minyororo yake ikimetameta kama inayoniita kwa jina.
Mwili ulikumbuka yote: mguu, kiuno, ile pumzi.
Ulitaka yote.
Nikaupa nusu.

Kisahani kiliondoka polepole, bapa, kimya,
kikashuka upande huu wa maji
kwenye vichaka vya beri ambavyo bado havijachanua.
Mita thelathini. Labda thelathini na mbili.
Nilingoja kisu. Hakikuja.

Reijo akakohoa. "Upepo," akasema.
Hapakuwa na jani lililotikisika.
"Hapana," nikamjibu. "Ni bega, Reijo.
Hata ile siku, lilikuwa bega."
Akatazama bwawa kwa muda.
"Nilisikia lilivyochanika," akasema,
akaushika mkoba wangu,
tukateremka kukitafuta.